Lawalawa za biskuti, chokoleti na nanaa bila kuoka: shajara ya mradi, Unguja

Mradi wenyewe

Tunatafuta lawalawa ya duara: ndani biskuti ya kakao iliyosagwa, nje ganda jembamba la chokoleti, na nanaa inayopoza koo. Oveni haihusiki kabisa. Masharti yamewekwa kabla ya kuanza. Kwanza, lawalawa ikae kwenye sahani saa mbili, ukumbini, bila kiyoyozi, na anayeichukua asichafuke vidole. Pili, ganda livunjike kwa sauti linapoumwa. Tatu, vitu vyote vipatikane soko la Darajani au la Mwanakwerekwe kwa safari moja. Sharti la tatu limeshindikana kwa kitu kimoja tu, mafuta ya nanaa, na habari zake ziko Siku ya 2.

Mapishi mengi ya lawalawa hii yametoka nchi za baridi. Yanaposema "acha igande juu ya meza", meza hiyo iko kwenye jiko la nyuzi 20. Kaskazi hii meza yetu ina nyuzi 31 saa nane mchana na nyuzi 28 usiku, na unyevu wa hewa ni kati ya asilimia 70 na 80. Matatizo mengi yaliyoandikwa hapa chini yametokana na tofauti hiyo.

Vyombo: mizani inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha chakula chenye sindano, bakuli la chuma, sufuria ndogo, uma, mfuko mnene wa plastiki, mchi, chekeche, karatasi ya kuokea, na masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko vinavyobana barabara. Hayo masanduku ndiyo chombo muhimu kuliko vyote. Siku za mwanzo hatukulijua hilo.

Siku ya 1. Kiini

Biskuti ni zile za kakao zenye krimu nyeupe katikati. Zinatiwa nzima na krimu yake, kwa sababu krimu ile ni mafuta na sukari na inasaidia kushikanisha. Zimepondwa ndani ya mfuko kwa mchi, zikachekechwa, na zilizobaki juu ya chekeche zikarudi mfukoni. Mashine ya kusagia inafanya kazi haraka zaidi, lakini krimu inaganda kwenye kuta na chini kunabaki vipande. Kipande kikubwa kuliko punje ya mchele ni balaa baadaye: kinatokeza kwenye ganda, ganda linakuwa jembamba mahali hapo, na baada ya siku mbili mafuta ya kiini yanachungulia nje kama doa.

Kishikizo ni maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Tumegawa biskuti gramu 100 mara tatu. Fungu lenye gramu 20 za maziwa limemumunyuka mkononi. Lenye gramu 30 limeshikana, kitonge kinabaki duara, na kikibonyezwa kinapasuka kidogo pembeni tu. Lenye gramu 45 ni tamu na laini, lakini baada ya dakika 20 mezani vitonge vimekaa kitako kama maandazi yaliyokosa hamira. Tunakwenda na 30.

Mapishi ya Marekani hutumia jibini laini jeupe, gramu 226 kwa biskuti 36. Tumeliacha. Zaidi ya nusu ya jibini hilo ni maji, biskuti inalowa, na chakula cha namna hiyo hakifai kukaa nje saa mbili kwenye nyuzi 31. Maziwa mazito maji yake ni kama robo tu, na sukari nyingi iliyomo imeyafunga maji hayo, vijidudu havipati pa kukulia. Angalia kopo vizuri: maziwa ya kopo yasiyo na sukari yanafanana nayo dukani, lakini ukiyatia hapa unapata uji wa biskuti.

Siku ya 2. Nanaa

Tulianza na nanaa ya chai, fungu bichi kutoka sokoni. Majani yaliyotwangwa yakitiwa kwenye kiini yanaleta ladha ya kachumbari, na kesho yake yamegeuka madoa meusi. Yakitiwa kwenye chokoleti iliyoyeyushwa ni hasara tupu: maji ya majani yamegusa chokoleti na chokoleti imekaza kama sima. Chembe za sukari na kakao ndani ya chokoleti ni kavu na zinaogelea kwenye mafuta. Matone machache ya maji yanatosha kuzilowesha zigandane. Chokoleti iliyokaza hivyo hairudi kuwa ya kuchovyea. Inaweza kuokolewa kwa maziwa ya moto mengi, ikawa mchuzi wa kumiminia keki au kinywaji, basi.

Njia ya tatu ilikuwa nzuri kidogo: maziwa mazito gramu 100 yamepashwa hadi nyuzi 60, majani yamelowekwa humo dakika 20, yakachujwa. Harufu ilikuwa ya chai ya nanaa hasa. Lakini koo halikupoa. Nanaa ya namna hii harufu yake kubwa ni ya kemikali iitwayo kavoni. Ubaridi wa lawalawa za dukani unatoka kwenye mentholi, ambayo hugusa mishipa ileile ya fahamu inayotambua baridi, na mentholi iko kwa wingi kwenye nanaa ya aina nyingine, pepaminti, ambayo ni chotara wa nanaa ya kawaida na nanaa ya majini. Anayetaka lawalawa yenye harufu ya chai ya nanaa bila ubaridi, njia ya kuloweka inamfaa. Sisi tunataka ubaridi.

Arki ya pepaminti, yaani ladha yake ya majimaji ya chupani, ndiyo inayotajwa na mapishi mengi. Soma lebo yake kabla ya kulipa. Arki nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa kilevi, na nyumba nyingi hapa haziingizi kitu hicho jikoni. Hata bila suala hilo, arki ina maji, na maji na chokoleti ndio hao wagomvi tuliowaona. Kinachofaa ni mafuta halisi ya pepaminti yaliyoandikwa wazi kuwa ni ya kula. Yale ya kuchua mwili au ya kufukiza chumbani yasiingie kwenye chakula, hata kama harufu ni moja. Mafuta yana nguvu kama mara nne ya arki: palipoandikwa kijiko cha chai cha arki, robo kijiko ya mafuta inatosha.

Vipimo vimefanywa kwa matone kwenye biskuti gramu 300, na kuonja kumefanyika kesho yake, kwa sababu nanaa inaendelea kuenea kwenye mafuta ya kiini usiku kucha. Ukionja papo hapo utazidisha. Matone 4: inasikika kwa mbali. Matone 8: sawa. Matone 16: uchungu, na kila aliyeonja alisema neno moja, dawa ya mswaki. Matone mengine 3 yakitiwa kwenye ganda, ubaridi unatangulia kabla ya utamu, na hapo lawalawa inapata uhai.

Tahadhari mbili. Chupa ya mafuta haya ikae mbali na watoto, na isisogezwe puani pa mtoto mchanga, maana mentholi kali inaweza kumbana pumzi. Na kila chenye nanaa kikiingia friji kifunikwe: siagi iliyokaa wazi karibu nacho usiku mmoja imenuka pepaminti.

Siku ya 4. Ganda la mafuta ya nazi

Njia hii inapendwa sana: kakao ya unga, mafuta ya nazi, sukari laini, koroga, chovya. Visiwa vya nazi, tuliona ndiyo yetu hasa. Limeng'aa, limeganda kwenye friji kwa dakika tano, limevunjika kwa sauti. Limetolewa nje. Baada ya dakika sita sahani ilikuwa na dimbwi la kahawia.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Chupa ya mafuta ya nazi hapa hukaa majimaji karibu mwaka mzima, na huanza kufanya weupe alfajiri za kipupwe tu. Ganda lake haliwezi kuwa gumu kuliko yenyewe. Njia imefutwa.

Siku ya 5. Chokoleti halisi

Chokoleti nyeusi, ambayo mafuta yake ni siagi ya kakao peke yake. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo kadhaa, na umbo linalotakiwa ni lile linalong'aa, linalovunjika kwa sauti na kuyeyuka karibu na nyuzi 34. Kulipata kunataka kufuata joto: yeyusha hadi nyuzi 46, poza hadi 28 huku unakoroga, rudisha hadi 31 au 32, ndipo uchovye. Jikoni kwenye nyuzi 31 chokoleti haishuki hadi 28 yenyewe, hata ukikoroga hadi Magharibi. Bakuli liliwekwa juu ya beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu, maji yakiwa nyuzi 24, na pembeni kitambaa kikavu cha kufutia chini ya bakuli kila linapoinuliwa, tone lisije likaingia. Robo tatu ya saa ya kazi kwa gramu 250.

Matokeo yanapendeza macho: ganda jeusi, linang'aa, ladha ya kina. Kwenye sahani saa mbili umbo halikuharibika. Lakini ukilishika ukahesabu hadi tano, kidole kimekwisha kuwa cha kahawia. Lile tuliloyeyusha na kuchovya bila kufuata joto lilikuwa na mabaka ya kijivu kesho yake, na laini kama mshumaa uliokaa juani. Mabaka hayo ni mafuta yaliyopanda juu, si kuvu, na hayadhuru, ila mgeni hatajua.

Hukumu: kwa kula nyumbani, kutoka friji moja kwa moja, chokoleti halisi haina mpinzani. Kwa sahani ya wageni, sharti la kwanza limeshindwa.

Siku ya 6. Chokoleti ya kupikia

Hii ni ile ya vipande au mche, ambayo lebo yake inataja mafuta ya mbegu za mchikichi badala ya siagi ya kakao. Haihitaji mchezo wa joto: yeyusha hadi nyuzi 42 hadi 45, chovya, imeganda. Ganda limekaa saa mbili kwenye nyuzi 31, mkono msafi. Ladha yake ni tamu zaidi na ina hali ya nta kidogo ulimini. Tumelirekebisha hilo kwa upande wa pili: gramu 15 za kakao ya unga zimeongezwa kwenye kiini, na maziwa yakaongezwa kutoka gramu 90 hadi 105 ili kakao isikaushe. Sasa uchungu mzuri wa kakao unatoka ndani na ganda linabaki na kazi yake ya kulinda.

Tulijaribu pia kuchanganya nusu chokoleti halisi na nusu ya kupikia, tupate ladha ya moja na uimara wa nyingine. Tusirudie. Ganda limeshika alama ya kidole gumba kwenye nyuzi 31, laini kuliko chokoleti zote mbili zikiwa mbali mbali, na siku ya tatu limekuwa la kijivu. Mafuta ya mchikichi na siagi ya kakao hayapangani yanapoganda. Ni kama kujenga safu moja ya ukuta kwa mawe ya matumbawe na matofali: mapengo hayaepukiki.

Kuhusu kulainisha. Chokoleti ya kupikia ni nzito na mapishi hushauri kijiko cha mafuta ya nazi. Kijiko kikubwa kimoja kwa gramu 200 kimelegeza ganda hadi linanata. Kijiko cha chai kimoja linavumilika. Bila mafuta kabisa, chokoleti ikiwa nyuzi 40 au zaidi, ndiyo bora, mradi mikono iwe mepesi.

Siku ya 8. Jasho

Hapa ndipo mradi ulipokwama, na hapa ndipo ulipofunguka.

Mapishi yote yanasema vitonge vigandishwe kwanza friji au friza, ndipo vichovywe. Vitonge 30 vilitolewa friza. Kilichofuata kinaonekana vizuri ukikisogelea: kitonge kinakuwa na utando mweupe, kisha utando unageuka vijitone vidogo kama vile vya nje ya bilauri ya maji ya barafu, kisha vijitone vinaungana na kuteremka kwenye karatasi. Yote ndani ya dakika mbili. Vitonge kumi vya kwanza vilichovywa salama. Cha kumi na moja chokoleti imeanza kuwa nzito. Cha kumi na nne uma ulisimama wenyewe bakulini. Maji ya jasho yamehamia kwenye chokoleti kitonge kwa kitonge.

Vile kumi vilivyopona navyo havikupona. Kiini kilichotoka friza kimesinyaa kwa baridi. Kikipata joto kinatanuka, na ganda limekwisha kuganda juu yake, kwa hiyo linapasuka ufa mmoja mrefu kutoka juu hadi kwenye kitako. Na vilipotolewa friji kuwekwa sahani vilitoa jasho upya juu ya ganda: sukari ya juu imeyeyuka kwenye maji, maji yalipokauka sukari ikabaki chengachenga nyeupe zinazokwaruza ukipitisha kidole. Mafuta yakipanda juu hali hiyo haipo, kidole kinateleza. Hivi ndivyo tunavyotofautisha magonjwa haya mawili.

Chanzo ni kimoja. Kwenye hewa ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 26 hivi kitafanya jasho. Friji ni nyuzi 4 au 5. Kwa hiyo kila kinachotoka friji wazi kitalowa, na kuongeza baridi kunaongeza maji. Siku tatu tulikuwa tukiongeza baridi ya friza tukidhani tunasaidia.

Swali likawa: kiini kinahitaji baridi kwa nini? Kwa kuwa kigumu tu. Na kumbe muda unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kiini kilicholala usiku mzima kwenye sanduku lililofungwa, chenga za biskuti zimekunywa maji ya maziwa na kuvimba, kinakuwa kigumu hata kwenye nyuzi 27. Sasa vitonge vinalala friji ndani ya sanduku, asubuhi sanduku linatolewa likiwa limefungwa, linakaa mezani saa nzima, ndipo linafunguliwa. Jasho lote linafanyika nje ya sanduku, juu ya plastiki. Vitonge ndani ni vikavu. Vitonge 30 vimechovywa mfululizo na chokoleti imebaki nyepesi hadi cha mwisho.

Baada ya kuchovya, sinia linaingia friji dakika 10 tu. Sanduku la pili linakuwa limekwisha poa humo humo friji. Vitonge vinahamishiwa ndani yake mlango wa friji ukiwa wazi, kwa haraka, kifuniko kinabanwa pale pale, halafu sanduku linatoka. Dakika 45 mezani kabla ya kufunguliwa. Ganda limetoka linang'aa, kavu.

Kanuni tuliyoibandika mlangoni mwa friji: funga kwenye baridi, fungua kwenye joto.

Penye chumba cha kiyoyozi mambo ni mepesi, maana hewa yake ni baridi na kavu zaidi, na saa nzima ya kusubiri inapungua kuwa nusu. Asiye nacho afanye kazi baada ya alfajiri, jiko kabla halijawashwa. Kuchovya huku wali unachemka pembeni ni kuujaza mvuke jikoni kwa makusudi.

Siku ya 11. Umeme

Umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa sita na nusu. Friji haikufunguliwa, na friji iliyofungwa hushika baridi yake kwa muda wa saa nne hivi. Vitonge salama. Lililojulikana: usianze kuyeyusha chokoleti kabla ya kuhakikisha friji inafanya kazi, kwani ganda la mchikichi likiachwa ligande lenyewe kwenye nyuzi 31 linachukua zaidi ya saa, linateremka, na kila kitonge kinavaa kikalio kipana.

Siku ya 12. Sahani

Vitonge 12 kwenye sahani, juu yake kawa la ukindu, ukumbini, nyuzi 31, saa nane hadi saa kumi mchana. Saa ya kwanza: hakuna badiliko. Saa ya pili: ganda limepoteza mng'ao kidogo, vidole safi, sauti ya kuvunjika ipo ila imekuwa ya chini. Sahani nyingine iliwekwa karibu na dirisha pale jua la alasiri linapoingia, ikashindwa ndani ya dakika 15. Kivuli ni lazima, hakuna ufundi wa kulishinda jua.

Siku ya 15. Mapishi yalivyo sasa

Vitonge 30 vya gramu 14. Biskuti za kakao zenye krimu gramu 300, kakao ya unga gramu 15, maziwa mazito yenye sukari gramu 105, robo kijiko cha chai ya chumvi laini, mafuta ya pepaminti ya kula matone 8. Ganda: chokoleti ya kupikia gramu 220 na matone 3. Kila kitonge kinachukua gramu 6 au 7 za ganda. Zinazobaki bakulini hazikwepeki, kwa sababu chokoleti ikipungua kina uma hauwezi kuzamisha.

Jioni. Ponda biskuti, chekecha, changanya na kakao na chumvi. Matone ya nanaa yatie kwenye maziwa kwanza, yakoroge, ndipo maziwa yaingie kwenye chenga. Ukidondoshea kwenye chenga moja kwa moja, mtu mmoja atakula matone yote kwenye kitonge kimoja. Kanda kwa mkono dakika mbili. Donge liache bakuli safi. Likimumunyuka ongeza maziwa kijiko cha chai kimoja, usizidi viwili. Pima gramu 14, viringisha kwa viganja vikavu, mpaka ule ufa mdogo wa juu ufunge. Viganja vikipata joto na kuanza kunata, osha kwa maji baridi na ukaushe kabisa. Panga ndani ya sanduku, funga, friji.

Asubuhi. Toa sanduku, usilifungue. Saa moja baadaye weka maji vidole viwili kwenye sufuria ndogo, yachemke, zima moto. Bakuli la chokoleti liwe pana kuliko mdomo wa sufuria ili mvuke usipande kando na kuingia ndani, na chini yake lisiguse maji. Katakata chokoleti vipande sawa, acha dakika tatu bila kugusa, kisha koroga kwa kijiko kikavu, mwiko wa mti hapana, kwani mti unaficha maji. Ikifika nyuzi 45 ondoa bakuli, futa chini yake, tia matone 3. Ngoja ishuke hadi 40.

Kuchovya: tumbukiza kitonge, kizungushe mara moja, kiinue kwa uma. Gonga shina la uma mara tatu kwenye ukingo wa bakuli, chokoleti ya ziada ishuke. Pitisha chini ya uma kwenye ukingo, kisha kitelezeshe juu ya karatasi. Sekunde kama nane kwa kitonge. Bakuli likishuka chini ya nyuzi 37 ganda linakuwa nene na lina mikunjo, lirudishe juu ya sufuria dakika moja. Sinia friji dakika 10, halafu sanduku la pili kama Siku ya 8.

Iliki tumeombwa mara mbili tuiongeze. Tumeijaribu kwa punje nne zilizosagwa: inagombana na pepaminti, zote mbili zinataka kutangulia puani. Iliki tumeiachia halwa.

Siku ya 17. Biskuti nzima

Kwa asiye na subira ya kuviringisha. Biskuti nyembamba za kakao zisizo na krimu, nzima, zinachovywa moja kwa moja kwenye ganda lilelile, na matone yawe 6 kwa gramu 200 kwa sababu ndani hamna nanaa. Kazi yote nusu saa. Sharti lake ni moja: pakiti ifunguliwe chokoleti ikiwa tayari imeyeyuka. Biskuti kavu ikiachwa wazi kwenye hewa hii inalegea kabla ya jioni, na ukiifunika kwa chokoleti imelegea hivyo, unafungia ulegevu ndani. Ikifunikwa mapema, pande zote bila tundu, inabaki kavu siku tano sandukuni. Pale penye tundu dogo, hata la ncha ya uma, biskuti imelegea kuanzia hapo, duara la ukubwa wa sarafu kufikia siku ya tatu. Geuza kila biskuti iliyoganda uangalie chini, na tundu lizibwe kwa tone la chokoleti.

Siku ya 21. Sanduku la mwisho

Vitonge sita vilivyokaa friji siku 13 tangu Siku ya 8 vimefunguliwa. Ganda zima, bila mabaka. Nanaa imekuwa laini na imeenea sawasawa, bora kuliko siku ya pili. Kiini ni kigumu kidogo zaidi kando, kinachotafunika vizuri. Wiki mbili ndio mwisho tunaouandika kwenye sanduku, kwa sasa.

Masika inakaribia. Unyevu ukipita asilimia 85 kwenye nyuzi 28, jasho litaanza kwenye nyuzi 25 na ushee, karibu sana na joto la jiko lenyewe, kwa hiyo saa moja ya kusubiri asubuhi huenda isitoshe kiini kikifika hapo polepole. Fungu lijalo sindano ya kipimajoto itachomekwa kwenye kitonge kimoja cha kutolewa kafara, kupitia tundu la kifuniko lililozibwa kwa unga wa ngano uliokandwa, na sanduku halitafunguliwa mpaka isome 27.